Pedali za mkwaruzo kwa gitaa la jazi: ipi inasikilizana na amplifaya ya akustika?

Usiku ule tulikuwa juu ya paa la hoteli moja Shangani, Unguja, watu watatu: mimi na gitaa, kijana wa besi, na ami yetu wa fidla ambaye amezeekea kwenye taarabu na hataki kusikia habari ya kustaafu. Nilikuwa na pedali mpya ya ovadraivu (kisanduku cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gitaa), ya siku mbili. Ilipofika zamu yangu ya kutamba nikaikanyaga. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa mlio wa nyuki ndani ya kopo la maziwa. Mgeni wa meza ya karibu akavuta kiti nyuma. Ami akashusha upinde, akaniinamia, akaniuliza taratibu kama mtu anayemjulia hali mgonjwa: "Mwanangu, gitaa lako limeshikwa na mafua?"

Pedali ile ile, siku moja kabla, nilikuwa nimeijaribu nyumbani kwa rafiki yangu kwenye amplifaya yenye spika ya gitaa ya inchi 12, na ilikuwa asali. Gitaa lile lile, waya ule ule. Kilichobadilika ni sanduku la mwisho tu: juu ya paa nilikuwa na amplifaya ya akustika.

Nikishauriwa "basi nunua amplifaya ya gitaa la umeme" huwa nacheka. Anayepiga Mji Mkongwe anajua: gari inakuacha Darajani au Forodhani, kutoka hapo ni miguu, vichochoro na ngazi za mbao zinazopanda ghorofa nne. AER Compact 60 ya Mjerumani, amplifaya ya akustika, ina uzito wa kilo 6 na nusu. Fender Twin Reverb, ya gitaa la umeme, inakaribia kilo 29. Halafu amplifaya nyingi za akustika zina njia mbili, kwa hiyo mwimbaji anachomeka maikrofoni yake humo humo na mwenye hoteli haulizwi habari ya spika nyingine. Kwa hiyo sanduku nimelikubali lilivyo, na swali limebaki kwenye pedali. Ulinganisho huu ni wa mtu aliye kwenye hali kama yangu: gitaa la jazi lenye pikapu za sumaku (zile zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), nyuzi za unene wa 12 zilizolainishwa, na amplifaya ya transista iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la mbao.

Mafua yalitoka wapi

Pedali ya mkwaruzo kazi yake ni kukata vichwa vya mawimbi ya sauti, kwa kawaida kwa kutumia dayodi (kijipande cha elektroniki kinachopitisha umeme upande mmoja). Kila kichwa kinapokatwa, huzaliwa milio mipya ya juu ambayo gitaa lenyewe halikuitoa. Noti ya juu kabisa ya gitaa lenye freti 24 ni kama hezi 1,300, yaani mitikisiko 1,300 kwa sekunde. Vyote vilivyo juu ya hapo ni vivuli vya noti, na mkwaruzo huvizalisha kwa wingi.

Spika ya gitaa la umeme huanza kuzima sauti kwa kasi ikishapita kama hezi 5,000. Wapiga gitaa tumeizoea mpaka tunadhani ndiyo sauti ya gitaa. Mimi naifananisha na kifumbu cha kuchujia nazi: machicha yanabaki, tui linashuka. Amplifaya ya akustika haina kifumbu. Ina twita (spika ndogo ya milio ya juu), au ina spika iliyoundwa ili ule ukucha unaogusa uzi usikike mpaka meza ya mwisho. Ukiipa mkwaruzo, inakumiminia tui na machicha yake.

Kwa hiyo nilipolinganisha pedali hizi sikuuliza kwanza ipi ina mkwaruzo mtamu. Niliuliza ipi imekuja na kifumbu chake.

Kuna jambo la pili, nalo linawapoteza wengi wanaofuata ushauri wa watu wenye amplifaya za valvu (mirija ya kioo ya kizamani). Wanaambiwa waweke nobu ya Drive (kiasi cha mkwaruzo) chini kabisa na ya Level (ukubwa wa sauti) juu kabisa. Kwenye valvu hiyo ni akili nzuri, maana valvu ikisukumwa inalegea kidogo kidogo na mkwaruzo unazaliwa ndani ya amplifaya yenyewe. Transista hailegei. Inabaki safi, safi, safi, halafu ghafla inakatika na taa nyekundu inawaka. Kwenye sanduku letu pedali lazima ifanye kazi yote peke yake, na Level inatakiwa ilingane na sauti safi au iizidi kidogo tu.

La tatu ni miluzi. Gitaa lenye tumbo, likiongezewa nguvu, linaanza kuimba lenyewe. Mkwaruzo unabana sauti, kubwa na ndogo zinakaribiana, na amplifaya iko mita moja kutoka kwenye tumbo la gitaa kwa sababu paa lenyewe ni dogo.

Nilivyozipima

Nilichukua amplifaya ya wati 60, wufa (spika ya besi) ya inchi 6.5 na twita ya inchi 1, trebo (milio ya juu) na besi zikiwa katikati. Kila pedali niliipigia vitu vitatu: mstari wa noti moja moja, noti mbili tu za kodi ya G7 (yaani F kwenye uzi wa nne na B kwenye uzi wa tatu), na G13 kamili yenye G, F, B na E. Kodi za gitaa nasema, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za serikali.

Hizo noti mbili nimezichagua kwa makusudi. Noti mbili zikipita pamoja kwenye dayodi, zinazaa noti ya tatu ambayo ni tofauti yao. B ni hezi 247, F ni hezi 175. Tofauti ni 72, karibu sana na D ya chini. D ni noti halali ya G7, kwa hiyo mkwaruzo unakupa besi ya bure. Lakini ongeza E ya hezi 330 ili upate G13, na tofauti yake na F ni 155. Hiyo ni E-flati, ambayo hukuiita na haina kazi hapo. Ndiyo maana kodi nene za jazi zikipita kwenye mkwaruzo zinakuwa uji, hata pedali iwe ya bei gani. Pedali nzuri hupunguza tatizo, hailimalizi.

Ibanez Tube Screamer

Hii ya kijani kila mtu anaijua. TS808 ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, TS9 ikafuata mwaka 1982, na nakala zake hazihesabiki. Watu wa jazi huisema vibaya kwamba inajaza katikati na kula besi. Kweli, inafanya hivyo, na kwa sanduku letu hiyo ni fadhila. Besi iliyo chini ya hezi kama 720 haipewi nguvu kamili inapoingia kwenye dayodi, kwa hiyo zile kelele za tumbo la gitaa zinapungua kabla hazijazaa miluzi. Baada ya dayodi kuna chujio jingine linaloanza kushusha trebo hapo hapo kwenye 720. Kifumbu ni kidogo, lakini kipo.

Tena muundo wake unapitisha sauti safi pamoja na ile iliyokatwa. Unasikia pigo la uzi kwanza, mkwaruzo unafuata nyuma yake. Kwa mstari wa noti moja moja ni raha. F na B zilitoka vizuri, na D ya bure nikaisikia chini kabisa. G13 ilikuwa na ukungu, ila majina ya noti yalikuwa bado yanatambulika.

Kasoro yake ni hii: hata nobu ya Drive ikiwa sifuri, pedali inakuza mawimbi kama mara 12. Kwa pikapu nene za gitaa la jazi hiyo inatosha kuanza kukwaruza. Usihangaike na nobu. Shusha sauti ya gitaa lenyewe ifike sita au saba, ukitaka mkwaruzo ndipo uipandishe. Tone (nobu ya trebo) nimeiweka chini ya saa tatu za saa ya ukutani, yaani pale mshale mfupi unapoonyesha 9, na kwenye twita bado nasikia mchanga kidogo.

Pro Co RAT

Hapa ndipo nilipoaibika, kwa sababu sikutaka hata kuijaribu. RAT ni ya mwaka 1978 na sifa yake ni ya watu wa roki. Dayodi zake zinakata kwa ukali, hakuna sauti safi inayopenya pembeni. Lakini John Scofield, mpiga gitaa wa jazi, ameitumia miaka mingi, na nilikuwa sijawahi kujiuliza anawezaje.

Jibu ni nobu ya katikati, Filter. Kwanza inafanya kazi kinyume: ukiizungusha kulia inapunguza trebo badala ya kuiongeza. Mtu asiyejua anaifungua yote akidhani ameifunga, na nyuki wanatoka koponi. Pili, inafika mbali. Ukiifikisha mwisho inaanza kuchuja kwenye hezi kama 475, chini hata ya Tube Screamer. Kifumbu cha RAT kina matundu madogo kuliko pedali yoyote niliyoishika.

Nikaweka Distortion chini sana, robo ya mzunguko, Filter ikapita saa nane, na noti moja moja zikatoka na kitu kama sauti ya klarineti. Ami alikuwepo siku hiyo. Hakusema neno, akachukua fidla akajibu. Kwangu hiyo ni alama ya juu.

Kodi nayo? Sahau. G13 iligeuka zege. Hata F na B zilikuwa na ukorofi. RAT ni ya mtu anayetamba kwa noti moja na anazima pedali kabla ya kurudi kwenye kodi. Na mguu wako uwe mwepesi, maana ukichelewa kuzima, mwimbaji anaingia juu ya zege hilo.

Boss SD-1 na BD-2

SD-1 ya mwaka 1981 ni ndugu wa Tube Screamer, tofauti kubwa ikiwa dayodi zake hazilingani pande mbili: mbili upande huu, moja upande ule. Mkwaruzo unakuwa na uwazi zaidi. Bei yake ni rafiki na mwili wake ni wa chuma. Kwenye twita inachoma zaidi kidogo kuliko Tube Screamer. Kama ndiyo uliyonayo, usiiuze.

BD-2, yaani Blues Driver ya mwaka 1995, ni mpendwa wa wengi na mimi pia naipenda, ila kwenye spika ya gitaa. Inapitisha masafa mapana, juu na chini, na huo upana ndio utamu wake. Mbele ya twita upana huo unatugeuka. Tone ikiwa sifuri bado nilihisi mtu anakwangua sufuria. Pedali haina kosa lolote. Haikuumbwa kwa mlango huu.

Electro-Harmonix Soul Food

Hii imefuata nyayo za Klon Centaur, pedali ya Bill Finnegan iliyoanza kuuzwa mwaka 1994 na ambayo siku hizi bei yake mtumba inatosha kununua pikipiki. Soul Food inagharimu sehemu ndogo sana ya hiyo. Kinachotuhusu ni kwamba sauti safi na ya mkwaruzo zinachanganywa ndani, na nobu ya Drive inabadilisha kiasi cha kila moja. Ikiwa chini, sehemu kubwa ni sauti safi yenye vumbi dogo juu yake.

Katika zote ndiyo iliyoiheshimu G13. E-flati ile ya wizi ilikuwepo, lakini imefunikwa. Kwa mtu anayesindikiza waimbaji na anataka tu gitaa lake lisisikike kama limetoka kwenye redio ya hospitali, Soul Food inafaa sana. Ila besi yote inapita, na kwenye gitaa la tumbo miluzi ikaanza mapema kuliko kwenye Tube Screamer. Ikabidi nisogee pembeni na kushusha besi ya amplifaya. Ukiwa na gitaa lenye kipande cha mbao katikati ya tumbo, tatizo hili litakupita.

Joyo American Sound

Nimeiacha mwisho kwa sababu si ovadraivu hasa. Ni pedali ya Kichina ya bei ya chini inayoiga amplifaya nzima ya Fender pamoja na spika yake. Ina nobu sita: Level, Low, Mid, High, Voice na Drive. Wapiga gitaa wengi wanaichukulia kama kichezeo. Kwa sanduku letu ndiyo inayojibu swali moja kwa moja, kwa kuwa kifumbu chenyewe kimo ndani: inazima trebo kama spika ya gitaa inavyozima.

Niliichomeka, Drive ikiwa saa tano, na kwa mara ya kwanza amplifaya ile ya akustika ilisikika kama ya gitaa la umeme. Twita ilikuwa kana kwamba imelala. Kodi zilitoka na unyevu kidogo pembeni, ile sauti ya amplifaya ndogo iliyochoka. Wanaosema jazi haina mkwaruzo wasikilize magitaa ya mwanzo: mpiga gitaa Charlie Christian alipojiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 amplifaya zilikuwa na nguvu ndogo, na zikisukumwa zilikwaruza bila kuulizwa. Sauti hiyo ndiyo American Sound inaikaribia.

Ubaya wake ni kwamba huwezi kuizima na kuiwasha katikati ya wimbo. Ukiizima, twita inaamka na gitaa linageuka kitu kingine kabisa. Kwa hiyo iache imewaka tangu mwanzo mpaka mwisho, usafi na mkwaruzo uvitafute kwa nobu ya sauti ya gitaa. Na ukipata bahati ya kupanda jukwaa lenye amplifaya na spika ya gitaa, kama yanavyokuwa majukwaa makubwa ya tamasha pale Ngome Kongwe, iondoe kwenye mstari. Vifumbu viwili vinakausha tui.

Mwenye ekwalaiza (pedali ya kupandisha au kushusha kila tabaka la sauti) tayari ana njia nyingine. Boss GE-7, mbali na kitelezi cha Level, ina vitelezi saba vya masafa, vya juu kabisa viwili vikiwa hezi 3,200 na 6,400. Iweke baada ya pedali ya mkwaruzo, shusha cha 6,400 mpaka chini na cha 3,200 mpaka nusu ya njia. BD-2 iliyonikwangua iligeuka kiumbe mwingine kwa hila hiyo. Ila hakikisha unachomeka kila kitu kabla ya mlango wa mbele wa amplifaya. Matundu ya nyuma ya kuongezea vifaa kwenye baadhi ya amplifaya za akustika, AER Compact 60 ikiwemo, yanachanganya sauti ya pedali na sauti ya asili kwa sambamba. Ukipitisha mkwaruzo huko, ile sauti ya asili inakuja nayo na hujui unasikia nini.

Ningemnunulia nani ipi

Kijana wangu akiniambia ana pesa ya pedali moja na anapiga hotelini kila wiki, namwambia American Sound, bila kusita. Akipata ya pili, aweke Tube Screamer mbele yake, upande wa gitaa. Hiyo ndiyo safu ninayobeba sasa, na RAT imebaki nyumbani kwa siku ambazo sina mwimbaji. Anayesindikiza zaidi kuliko kutamba, na gitaa lake halina tumbo kubwa, achukue Soul Food na ekwalaiza. Ukiwa na RAT tayari, jifunze Filter kwanza kabla hujatoa pesa nyingine.

Amplifaya isiyo na twita, kama AER ambayo ina spika moja ya inchi 8 yenye koni mbili, inapunguza makali lakini haiyaondoi. Usidanganyike kwamba koni mbili ni spika ya gitaa. Na kama amplifaya yako ina nobu ya kupunguza twita peke yake, anzia hapo kabla ya kununua chochote. Ukipata bahati utaokoa nauli ya boti kwenda kuitafuta pedali Dar.

Habari ya umeme haitaki maelezo marefu kwa msomaji wa Unguja. Rika langu halijasahau ile giza ya kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Hata siku za kawaida, ukikatika, jenereta ya hoteli inachukua muda kuamka. Tube Screamer na SD-1 zinakula umeme mdogo sana, betri moja ya volti 9 inadumu saa nyingi, basi iwe nayo tayari hata ukiwa na adapta. Adapta zenyewe zisomwe: pedali hizi zinataka volti 9 na hasi ikiwa katikati, na adapta ya kinanda huenda ikawa kinyume. Iliyoletwa na mtu kutoka Marekani ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, usiisogeze kwenye soketi zetu za 230.

Na chumvi ya bahari. Nobu zikianza kukoroma usidhani pedali imekufa, chumvi imeingia. Dawa ya kusafishia swichi, tone moja, zungusha mara ishirini.

Vipimo vyangu vya Ijumaa iliyopita, kwa anayetaka kuanzia mahali: Tube Screamer, Drive sifuri, Tone saa tatu, Level katikati. American Sound, Drive saa tano, Voice saa nne, Low saa tano, Mid saa saba, High saa tatu. Amplifaya trebo chini kidogo ya katikati, besi saa nne. Sauti ya gitaa sita kwa kodi, tisa kwa kutamba. Nilipofika tisa Ami hakunigeukia.